Themostati janja kwenye boila ya zamani yenye nyaya mbili: umeme utautoa wapi?

Watu wengi huanza kwa kulinganisha majina, Nest au Ecobee au Sensi, ipi skrini yake nzuri, ipi inaelewana na simu, alafu siku ya kufunga wanakuta ukutani kuna nyaya mbili tu na hapo ndo kazi inaanza. Kwenye boila ya zamani ya kupasha joto tu, zile za Marekani na Kanada zinazoamrishwa kwa volti 24, cha kulinganisha kwanza sio themostati, ni njia ya kuilisha umeme. Njia ikiwa sahihi, karibu themostati yoyote nzuri itafanya kazi. Ukikosea njia, hata ile ghali kuliko zote itakuzimikia, na mara nyingi itachagua usiku wenye baridi kali zaidi, nitaeleza kwa nini.

Ile ya zamani, mfano ile ya duara ya Honeywell T87 iliyotoka 1953 na bado ipo kwenye kuta za watu, haili umeme kabisa. Ndani kuna utepe wa metali mbili uliojikunja na kichupa cha kioo chenye zebaki. Chumba kikipoa utepe unajizungusha, kichupa kinainama, zebaki inagusanisha ncha mbili, waya wa R (unaoleta umeme kutoka kwenye transfoma) na wa W (unaopeleka amri ya kuwasha) zinashikana na boila inawaka. Ni swichi basi. (Ukiitoa usiitupe kwenye takataka za kawaida, zebaki ni sumu, ipeleke wanakopokea taka hatari.) Themostati janja ina Wi-Fi na skrini na inataka kula masaa 24. R na W zinatosha kuwasha na kuzima tu, anayeilisha ni waya wa tatu, C, unaorudisha umeme kwenye transfoma bila kupita kwenye rilei (swichi ya umeme) ya boila. Nyumba za zamani C haukuvutwa manake haukuwa na kazi.

Sasa kuna kitu wengi wanakichanganya na ndo kinafanya mtu anunue kifaa kisichomsaidia. Kukosa C ni shida mbili tofauti. Kuna kukosa C ukutani, yaani kebo ina nyaya mbili tu. Na kuna kukosa C kwenye boila, yaani hata ungekuwa na nyaya tano ukutani, kule chini boila ina skrubu mbili tu zilizoandikwa T na T na huoni pa kuufunga wa tatu. Boila za zamani mara nyingi zina shida zote mbili kwa pamoja. Kila njia huko chini nitasema inatibu ipi.

Pima kwanza, usinunue kitu bado

Zima umeme wa boila. Nyumba nyingi kule zina swichi yenye kifuniko chekundu, iko juu ya ngazi za kushukia besimenti au mlangoni kwa boila, zima hiyo na breka yake pia. Toa themostati ya zamani uangalie nyaya. Ukikuta nyaya nene zimefungwa kwa vikofia vya plastiki vya kuzungusha, ndani ya boksi la chuma, simama hapo hapo, hizo zinaweza kuwa za volti 120 au 240 na themostati za volti 24 haziruhusiwi kuzigusa kabisa. Mwite fundi umeme.

Zikiwa nyembamba, zitenganishe zisigusane, rudisha umeme, weka multimita kwenye AC, ncha moja kwenye waya mmoja na nyingine kwenye wa pili. Ukisoma kati ya 24 na 28 hivi, uko kwenye kundi ninaloliongelea. Ukikuta hamna kitu kwenye AC lakini kwenye DC inasoma sehemu tu ya volti moja, huo ni mfumo wa milivolti, umeme wake unazalishwa na joto la moto mdogo wa pailoti, kawaida milivolti 750 hivi, hauwezi kulisha themostati janja hata kwa bahati, wewe nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya rilei.

Alafu gusanisha R na W. Boila inatakiwa kuwaka. Kama kuna valvu za zoni (zinazofungulia maji ya moto kila sehemu ya nyumba kivyake) subiri dakika chache, manake zingine zinafunguka polepole. Ikiwaka, boila na nyaya ni wazima na matatizo yako yote yaliyobaki ni ya themostati na chakula chake. Isipowaka, themostati mpya haitakusaidia chochote, tafuta kosa kule chini: maji yamepungua, transfoma imekufa, au waya umekatika ndani ya ukuta.

Waya wa ziada uliojificha dhidi ya kebo mpya

Hizi mbili zinatibu shida ya ukutani, na kwangu mimi ndo za kwanza kuangaliwa kabla ya kifaa chochote. Vuta kebo taratibu itoke kidogo kwenye tundu la ukuta uangalie pale ganda la nje linapoishia. Mafundi wengi walikuwa wanafunga kebo ya nyaya tatu au nne alafu wanatumia mbili, zile zingine wanazikunja nyuma na kuzizungushia kwenye ganda, au wanazikata sawa na ganda kiasi kwamba huoni mpaka ulichane kidogo. Ukiupata, nenda na upande wa boila ukautafute mwenzake. Usiamini rangi. C kwa mazoea ni bluu au nyeusi ila fundi wa miaka hiyo alitumia alichokuwa nacho mkononi.

Kama hamna, kebo mpya ndo jibu linalodumu, na ukishaamua kuvuta vuta ya nyaya tano za geji 18, usivute ya tatu, kesho mtu ataongeza kiyoyozi. Wengi wanafunga kebo mpya kwenye mkia wa ile ya zamani na kuivuta ipite njia ile ile. Inakubali kama ile ya zamani inaning'inia huru. Kama ilipigiliwa kwa misumari ya U ndani ya ukuta, na kwenye nyumba za zamani mara nyingi ilipigiliwa, haitasogea, na ukilazimisha utakata hata ile iliyokuwa inafanya kazi. Ivute kidogo kwa vidole, ukisikia imegoma acha, toboa njia nyingine. Na kule besimenti ukiona mabomba yamefungwa kitu cheupe kama plasta ya zamani, usikisugue wala kukitoboa, inaweza kuwa asbesto.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili: waya uliojificha ni kazi ndogo kabisa, kebo mpya ni ya siku nzima pengine, ila matokeo yake yanalingana.

C ya kwenye boila iko wapi

Hapa ndo nyaya zinaungua, kwa hiyo niende polepole. Ukifungua kifuniko cha akwastati, lile boksi la kijivu lililokaa kwenye boila na kudhibiti joto la maji yake, mfano Honeywell L8148 au R8182, ndani kuna transfoma ndogo, rilei, na skrubu za T na T. T moja inatoka kwenye transfoma, hiyo ndo R yako. T ya pili inaenda kwenye koili ya rilei, hiyo ndo W. C ni upande mwingine wa koili, pale inaporudi kwenye transfoma, na mara nyingi hauna skrubu ya nje kabisa. Mtu anaona T mbili anasema basi mojawapo ni C, anafunga waya wa tatu hapo hapo kwenye W. Matokeo yake themostati inakula umeme kupitia koili ya rilei muda wote, ama skrini inawaka nusu nusu ama rilei inashika na boila haizimi tena. Kama umeona dalili hiyo nyumbani kwako sasa hivi, angalia hapo kwanza.

Na kumbuka humo humo kwenye boksi kuna nyaya za volti 120 za bana (kinachochoma mafuta au gesi) na pampu, sentimita chache tu kutoka T. Kama hujazoea kufanya kazi na umeme mkubwa hii sehemu mwachie fundi wa boila, na mwambie wazi unataka C ya volti 24 itolewe nje, usimwambie tu "nifungie themostati". Kingine, ukigusisha R na C kwa bahati mbaya, transfoma nyingi za zamani hazina fyuzi ya kuzilinda, inaungua moja kwa moja.

Transfoma ya kuchomeka ukutani

Hii inatibu shida zote mbili kwa mpigo na haigusi boila, ndo maana naipenda kwa mtu asiyeweza kuvuta kebo. Ni transfoma ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, inatoa volti 24 AC. AC, tafadhali, sio chaja ya simu wala adapta ya DC ya ruta. Nyaya zake mbili zinaenda Rc (R ya upande wa kiyoyozi) na C za themostati, na zile mbili za boila zinaenda Rh (R ya upande wa joto) na W. Themostati inakula kwenye transfoma yake, na boila inawashwa na swichi ya ndani ya themostati bila umeme wa pande mbili kukutana.

Sharti lake ni moja tu ila ni kubwa: themostati iwe na Rc na Rh zilizotengana kweli, na kama kuna kijiwaya au kibati kinachoziunganisha kitolewe. Zile zenye R moja tu hazifai hapa bila rilei, manake utakuwa umeunganisha transfoma mbili, na zikikutana kinyume unaweza kupata volti karibu 48 mahali palipotengenezewa 24. Fungua kitabu cha modeli yako uone mchoro, usibahatishe.

Ubaya wake ni waya unaoshuka ukutani mpaka soketi, na mtu wa usafi akichomoa plagi nyumba inapoa bila wewe kujua. Waya huo mdogo wa transfoma wengine wanaupitisha ndani ya ukuta, lakini sio kila waya umeruhusiwa kupita humo, uulize kwanza.

Rilei ya kutenganisha

Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme: themostati inaamrisha koili, na ncha kavu (zisizo na umeme wake) za upande wa pili zinagusanisha T na T za boila. Boila inaona kitu kile kile ilichokuwa inaona 1960, nyaya mbili zinashikana na kuachana. Ndo njia ya kuangalia kwanza kwa mfumo wa milivolti, na ndo njia safi kwa boila yenye akwastati ambayo hutaki kuichokonoa.

Ila sikiliza, swali ni rilei itakaa wapi. Zile boksi zilizokamilika zenye transfoma ndani, mfano Taco SR501, zinakaa karibu na boila, themostati inafungwa R, W na C, na ncha mbili za X X zinaenda T T. Nzuri sana, lakini imetibu C ya kwenye boila tu, ukutani bado unahitaji nyaya tatu. Mtu mwenye nyaya mbili akinunua hiyo bila kuvuta kebo anabaki pale pale. Ukiwa na mbili tu, rilei inabidi ikae upande wa themostati pamoja na transfoma ya kuchomeka, nyuma ya kabati au kwenye chumba cha pembeni, na zile nyaya mbili za zamani zinaishia kwenye ncha kavu za rilei. Inafanya kazi vizuri, ni suala la kupata pa kuificha tu.

Themostati zinazosema hazihitaji C

Hapa sina upole sana. Hizi zinaiba umeme: boila ikiwa imezima, zinapitisha mkondo mdogo kwenye R na W kupitia koili ya rilei, mdogo kiasi cha kutoiamsha rilei, zinachaji betri ya ndani. Kwenye nyumba yenye kiyoyozi kuna Y pia (waya wa kukiamrisha), kwa hiyo W ikiwa kazini themostati inaweza kuiba kwenye Y. Boila ya nyaya mbili haina Y. Themostati ikiita joto, yaani ikiiamrisha boila iwake, R na W zimeshikana, kati yao hamna volti ya kuiba, kwa hiyo inabidi ikatize kidogo kidogo au iishi kwa betri. Siku ya baridi ya kawaida hamna shida. Siku ya baridi kali joto linaitwa karibu muda wote, muda wa kuchaji unapungua kabisa, betri inashuka, Wi-Fi inazima kwanza, alafu themostati yenyewe. Ndo maana inakufa usiku ule ule unaoihitaji.

Dalili zake zinajulikana: rilei inalia tik-tik-tik, boila inawaka sekunde chache inazima, au haizimi kabisa kwa sababu rilei ya zamani ni nyepesi na ule mkondo mdogo unatosha kuishikilia. Hata watengenezaji wenyewe hawalifichi hili. Sensi wanataka C kwenye mifumo ya kupasha tu, na Google nao wanasema Nest Thermostat kwenye mifumo hiyo inaweza kuhitaji C au kile kifaa chao cha Nest Power Connector. Hicho kinakubali nyaya mbili ukutani, ni msaada wa kweli kwa mwenye Nest, ila kinafungwa kule kwenye boila na huko bado utaitafuta C. Kile cha Ecobee kinachokuja kwenye boksi la baadhi ya modeli ni kitu kingine, chenyewe kinataka R, W, Y na G (waya wa feni), nyaya nne, kwa hiyo kwenye boila ya mbili kiache kwenye boksi lake.

Kwa nani naweza kukubali njia hii? Nyumba iliyozibwa vizuri, boila haiwaki muda mrefu, na kuna mtu nyumbani kila siku. Nyumba ya wikiendi, hapana.

Betri na zile za redio

Themostati za betri zinazoongea kwa Zigbee au Z-Wave (redio zinazokula umeme kidogo) zinadharauliwa bure. Hazina Wi-Fi ndani, kwa hiyo betri zinakaa muda mrefu, nyaya zako mbili zinatosha, hufungui boila. Utahitaji kitovu cha kuziunganisha na intaneti, hiyo ndo gharama yake. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa boila mimi ningeanzia hapa kabla ya njia nyingine yoyote, siku ya kuhama unarudisha ile ya zamani.

Kuna na zile za vipande viwili, kimoja chumbani na kipokezi kinachokaa kwa boila kikila umeme wake chenyewe. Zinafaa sana pale waya wa ukutani umekatika au umeoza. Ukikuta mchoro wa Uingereza wa aina hii, mfano Nest yenye Heat Link, usiunakili, kule boila nyingi zinaamrishwa kwa volti 230 na hata "boila ya kupasha tu" kwao ina maana nyingine.

Ukiwa na valvu za zoni mambo yanabadilika kidogo

Habari njema: transfoma iko nje wazi, mara nyingi imefungwa kwenye ukuta au juu ya boksi la chuma, na C ni upande wa transfoma unaoenda kwenye mota ya valvu bila kupita themostati. Rahisi kuupata kuliko kwenye akwastati. Habari mbaya ni mzigo. Valvu ya Honeywell V8043 inakula ampea 0.32, ila zile Taco za zamani za kichwa cha joto zinakula karibu ampea 0.9 kila moja, na transfoma ya kawaida ni VA 40 (volti mara ampea). Fanya hesabu: 0.9 mara 24 ni kama VA 22, valvu mbili tu zikifunguka pamoja umeshavuka 40, alafu unaongeza themostati mbili za Wi-Fi juu yake. Volti inashuka, themostati inajizima na kujiwasha, unalaumu Wi-Fi. Dawa ni transfoma kubwa zaidi, sio themostati nyingine. Na kwenye hizo Taco zenye skrubu tatu, ya namba 2 inatumika na mota na pia swichi inayoiambia boila iwake, kwa hiyo usihamishe nyaya kabla ya kupiga picha.

Vitu viwili baada ya kufunga

Ingia kwenye mipangilio uiambie themostati kwamba ni boila ya rejeta, sio tanuru la hewa. Zinazouliza mizunguko kwa saa, maji ya moto weka 3, mvuke weka 1. Ukiiacha ya hewa itawasha na kuzima boila mara nyingi bila sababu na utadhani nyaya ni mbovu.

Alafu, hasa kama nyumba huwa inabaki tupu, funga themostati ndogo ya kawaida isiyohitaji umeme wala betri sambamba kwenye T na T za boila, uiweke nyuzi 10 hivi za Selsiasi (50 za Farenhaiti), iwe kwenye sehemu ambayo mabomba yanaweza kuganda. Yenyewe haijui Wi-Fi wala programu. Ile janja ikifa kwa sababu yoyote, hii inagusanisha na boila inawaka. Kama una zoni za valvu, boila kuwaka peke yake haitoshi, iweke sambamba na R na W za zoni yenye mabomba hatarini ili valvu nayo ifunguke. Ukimaliza kuifunga, shusha themostati janja mpaka chini kabisa, pandisha hii ndogo kwa mkono mpaka igonge, nenda ukashike bomba la zoni hiyo usubiri lipate joto, alafu irudishe kwenye 10.